Mwaka Nyanya Alipogeuzwa Mchawi

Droni ilifika kaburini kabla ya mchungaji. Tulikuwa tumesimama shambani chini ya nyumba, tukisubiri jeneza litolewe sebuleni, nikasikia mlio kama wa nyigu juu ya migomba. Wazee wakainua vichwa. Kina mama wakashika vilemba vyao. Mimi sikuangalia juu, nilimtafuta tu mwenye rimoti, na nikampata kando ya tangi la maji: Kelvin. Amenenepa. Ana ndevu zilizochongwa vizuri na fulana nyeusi yenye jina la kampuni yake mgongoni. Binamu zangu wa Mombasa ndio waliomkodi, ili jamaa walio Saudia waone mazishi ya nyanya moja kwa moja kwenye simu zao, na hakuna aliyefikiria kuniuliza. Wangeniuliza ningewaambia ni heri nyanya azikwe bila hata picha moja kuliko mtu yule amwelekezee kamera mara ya pili.

Wakati wa chakula nilipewa kazi ya kunawisha watu mikono, nikapita na jagi na beseni kati ya viti vya plastiki mpaka nikafika kwake. Akasimama, akaniita kwa jina. "Chao, pole sana. Alikuwa nyanya yetu sisi wote." Akanyoosha mkono nimshike. Nikamwagia maji kwenye huo mkono kama ninavyomwagia mgeni yeyote, nikaenda kwa mtu wa pili. Nyuma yangu nikawasikia shangazi wawili wakinong'ona, kwa ule mnong'ono wa kwetu ambao unasikika mpaka barabarani. "Bado ana yale mambo ya Halowini?" "Bado. Na hiyo hasira itamletea presha." Mimi ni muuguzi, najua presha inaletwa na nini, na chumvi iliyokuwa kwenye pilau ile ingetangulia hasira yangu kwa mbali. Lakini kweli, bado ninayo. Nyanya alisomewa wasifu mrefu siku hiyo, kuanzia ubatizo wake mpaka ugonjwa wake wa mwisho, na mwaka ule ukarukwa kana kwamba haukuwepo. Sasa nitausema mimi.

Ulikuwa mwaka wa treni mpya, ile iliyoanza kutuletea Voi wageni wa wikendi kutoka Nairobi na Mombasa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza chuo cha uuguzi, na Januari nilikuwa nashuka Voi kuanza mwaka wangu wa mazoezi hospitalini. Asubuhi ya kuondoka nyanya aliniita jikoni kwake, jiko la nje lenye ukuta uliopakwa moshi mpaka ukang'aa. Alikuwa amepika kimanga, mbaazi na muhogo vilivyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe, na Kelvin alikuwa ameshafika, kwa sababu Kelvin alikuwa na pua ya kimanga tangu tukiwa darasa la pili. Mama yake ni jirani yetu wa chini. Tulikwenda naye shule moja, tukachapwa pamoja, tukaiba miwa pamoja. Mwaka huo alikuwa amenunua simu kubwa na alikuwa akipiga picha kila kitu, hata kimanga chenyewe kabla hajakila.

Kwa asiyekuwa wa milima yetu ya Taita, nieleze nyanya alichofanya baada ya chakula. Kwa Kidawida, lugha yetu, tunaita kutasa. Mzee huchukua maji kinywani, au kinywaji cha miwa kama kipo, akayapuliza yakatoka kama manyunyu, kisha akasema maneno ya heri, akapuliza tena, akasema tena. Lakini kabla ya yote lazima autazame moyo wake. Kwetu hasira ya mzee inaogopwa, hata ile ndogo asiyoitamka, maana inaweza kumfuata mtoto safarini ikamharibia mambo bila mzee mwenyewe kutaka. Kwa hiyo anaisema, anaitoa na yale maji, ndipo anabariki. Mwenye kinyongo hawezi kutasa. Akijaribu, anakulowesha tu. Mchungaji wetu hakuipenda sana habari hii ila hakuipiga vita pia, na nilishamwona mke wake akimleta kwa nyanya mtoto wao aliyekuwa anaenda kufanya mtihani, akipitia njia ya shambani ili asionekane.

Basi nyanya akaniketisha kwenye kigoda, nikiwa na blauzi yangu ya manjano na nywele nimesuka upya, akashika kikombe cha bati. "Nilikukasirikia Krismasi," akasema. "Ulimpa mtu shali yangu ya kijani na hukuniuliza." Nikataka kujitetea, akanikatiza. "Nyamaza, naitoa." Akanywa, akapuliza, manyunyu yakanipata shingoni na kifuani. "Nenda kwa amani." Akapuliza. "Mguu wako usijikwae. Mgonjwa utakayemshika apone." Akapuliza. "Ukiulizwa umetoka wapi, sema umetoka kwa watu." Jua la asubuhi lilikuwa linaingia mlangoni na kila tone lilionekana. Kelvin alikuwa amechuchumaa karibu na kuni, simu mkononi, anarekodi. "Nyanya, rudia ile ya mwisho kidogo, mwanga ulikuwa umenichoma." Nyanya akacheka mpaka akakohoa. "Baraka hairudiwi, wewe Kelvin. Kwani hii ni sinema?" Tulicheka wote watatu.

Voi nilipanga chumba Kaloleni, kimoja, chenye paa la mabati lililokuwa linatupika kuanzia saa nne asubuhi. Nilikuja na blanketi la mlimani ambalo sikulitumia hata siku moja. Hospitalini nilipangwa wadi moja na Zainabu, msichana wa hapo hapo Voi, wa familia ya Kiislamu ya siku nyingi, na kwa kuwa sikujua kupika kitu chochote bila moto wa kuni, nililishwa kwao karibu mwaka mzima: mbaazi za nazi, mahamri, samaki wa kupaka siku ya Ijumaa, na mamake akiniuliza kila nikimaliza sahani kama kwetu huwa tunakula au tunatazama tu. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu furaha hiyo pia inaniudhi nikiikumbuka.

Kitu kimoja tu kilinikera, nacho nilikizoea kama watu wanavyozoea vumbi. Ukiwa Mtaita nje ya milima, kuna mzaha unaokufuata. Kwenye hoteli tuliyokuwa tukinywa chai, karibu na stendi, madereva wa malori walikuwa wakisema bila kupunguza sauti, "Wewe usiibe kitu cha Mtaita, utaamka umegeuka mbuzi," na mwenzake, "Mimi hata maji yao sinywi." Wagonjwa nao waliniuliza jina langu la pili, wakilisikia wanaangalia sindano niliyoshika. Wakati mwingine niliutumia huo mzaha mwenyewe. Mgonjwa akikataa dawa, namwambia mimi ninatoka Wundanyi, meza. Anameza. Zainabu alikuwa akinikanya. "Shoga, hayo maneno si ya kuchezea." Nilimwona mwoga.

Katikati ya mwaka Kelvin naye akashuka Voi, akapata kazi ya video kwenye bustani moja ya burudani nje ya mji, upande wa kuelekea Maungu. Ilikuwa na bembea, bwawa la kuogelea, nyama choma, na wenyewe walikuwa wameona huko ughaibuni au mtandaoni kwamba Oktoba watu hulipa ili watishwe. Mabango yakabandikwa mji mzima, yana fuvu lenye kofia ya askari wa wanyama pori: Halowini, vichochoro vitatu vya kutisha, njoo uone kama utatoka. Baadhi ya makanisa yalihubiri dhidi yake, kwa hiyo kila mtu akataka kwenda. Kelvin akaniletea tiketi mbili mpaka wadini, za saa kumi alasiri, saa ya wenyeji kabla wageni wa treni hawajaja. "Usikose," akaniambia. "Kichochoro cha tatu kuna saprais yako. Utanipenda."

Nataka niwe mkweli kuhusu vichochoro viwili vya kwanza: nilivipenda sana. Nje jua lilikuwa bado kali, ndani giza la turubai nyeusi lililosimamishwa kwa fito za mkonge, joto la kukaangia mandazi, na njia inayopinda na kupinda mpaka hujui tena barabara kuu iko upande gani. Cha kwanza kiliitwa Hospitali ya Wafu. Watu wenye makoti meupe yaliyomwagiwa rangi walitufuata na sindano kubwa, na Zainabu, ambaye alikuwa ametoka zamu ya kweli saa nne zilizopita, akamwambia mmoja wao, "Daktari, hiyo dripu umeiweka kichwa chini." Yule mfu akacheka, ikabidi ajizibe uso. Cha pili kilikuwa cha simba wa reli, wale waliokula wajenzi wa reli ya zamani. Kulikuwa na behewa la mbao la kupita ndani kwa kuinama, na manyoya yakikugusa miguu, na mngurumo ukitoka chini ya sakafu. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Zainabu alining'ang'ania mkono, tukatoka upande wa pili tukicheka, tunatokwa jasho, tukanunua juisi ya ukwaju, tukapanga foleni ya cha tatu. Mlangoni paliandikwa kwa rangi nyekundu, Mchawi wa Milima ya Taita. Zainabu alisoma, akanitazama. Nikamwambia twende, ni upuuzi tu, tena Kelvin ametuahidi kitu.

Ndani kulinuka ngozi za mbuzi. Njia ilikuwa nyembamba zaidi, na kuta zake zilitundikwa vibuyu, mafuvu ya plastiki na mifupa ya kweli ya ng'ombe. Tulikuwa kama kumi hivi, tunasukumana. Tukapinda, tukapinda tena, tukatokea kwenye chumba chenye shuka jeupe kutoka juu mpaka chini, na kwenye shuka akatokea nyanya yangu.

Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Walikuwa wameupunguzia rangi, ngozi imekuwa ya kijivu, macho wameyatia weupe. Video walikuwa wameipunguza kasi, kwa hiyo mashavu yake yalijaa maji polepole sana, na midomo ikafunguka polepole, na maji yakatoka, na sauti yake, sauti iliyokuwa imesema mguu wako usijikwae, ilikuwa imezamishwa mpaka ikawa mkoromo wa mnyama. Mbele yake alikuwa amekaa msichana, anaonekana kisogo tu. Nilitambua nywele kwanza, kisha blauzi ya manjano. Maandishi yakapita chini: ukilowa, umelaaniwa. Na hapo hapo mtu aliyejificha nyuma ya turubai akatupulizia maji shingoni kwa chupa ya dawa ya mimea, na watu wote wakapiga mayowe, na baada ya mayowe vicheko, na mwanamume mmoja nyuma yangu akasema, "Hao ndio wenyewe bana, hao wazee wa Wundanyi wako hivyo kabisa."

Mtu mwenye barakoa akanigusa bega. "Madam, songa mbele, kuna watu nyuma." Sikusonga. Nilishika lile shuka kwa mikono miwili nikalivuta. Likaja na kamba na kipande cha fito, na picha ya nyanya ikatua kwenye turubai nyeusi na kwenye nyuso za wale waliokuwa wamesimama pale, mdomo wake ukiendelea kufunguka kwenye paji la uso la mtu asiyemjua. Wakapiga makofi. Walidhani mimi ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alikuwa anarekodi na simu, akasema, "Huyu ameweza!"

Kelvin akachomoza kutoka nyuma, kompyuta mkononi. "Chao! Unafanya nini? Projekta ni ya kukodisha!" Nikamwambia azime. Akasema hawezi kuzima, watu wako kwenye foleni. Nikamwambia, "Huyo ni nyanya, Kelvin. Huyo ni nyanya na huyo ni mimi." Na hili ndilo jibu lake, nalikumbuka neno kwa neno: "Najua! Ndiyo saprais yenyewe. Hiki ndicho kichochoro watu wanapenda kuliko vyote. Nyanya yetu ni staa." Alikuwa anatabasamu. Kwa miaka mingi nimejaribu kuamini kwamba alikuwa mwovu, ingenisaidia, lakini uso ule ulikuwa wa mtu anayesubiri kushukuriwa. Nikamuuliza kama amesahau maneno aliyoyasikia kwa masikio yake, akiwa na sahani ya nyanya mapajani. "Sijasahau. Lakini kwani mgeni anajua Kidawida? Hii ni burudani tu, Chao. Hakuna mtu anaamini." Meneja akaja, mwanamke wa Nairobi mwenye viatu vya raba na sauti ya upole, akasema wanaweza kuniongezea tiketi. Zainabu ndiye aliyeniondoa pale, akinivuta kwa kanga yake aliyokuwa amenifunga kiunoni ili nisirudi. Nje jua lilikuwa bado linawaka na watoto walikuwa wanaogelea.

Hakuna mtu anaamini. Ningepata nafasi ningeliandika neno hilo kwenye lile bango lao. Watu walirekodi na simu zao, na video ikapanda mlima kabla yangu. Nilipofika nyumbani Jumamosi iliyofuata, nyanya alikuwa ametoka sokoni na kabichi zake zote, hata moja haikuuzwa. Alikuwa akiuza hapo Wundanyi tangu mimi sijazaliwa. Wateja walinunua kwa mama wa kulia na mama wa kushoto, wakampita yeye katikati. Mmoja alishachukua kabichi, akairudisha: "Nimekumbuka iko nyumbani." Nyanya alinisimulia haya akimenya viazi, bila kuniangalia, kama anayesimulia habari za mvua. Kikundi cha kina mama wa kanisa kilikuwa kikikutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, na zamu yake ilipofika wakaamua ghafla kwamba kanisani ni karibu zaidi. Na mimi mwenyewe, nikiwa kwenye foleni ya kusaga unga jioni hiyo, nikamsikia mwanamke mbele yangu, ambaye hakujua niko nyuma, akisema, "Kumbe ndiyo maana wajukuu wake wote wamesoma."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata nyumba ya kudumu. Wale wageni wa treni waliocheka walikuwa hawajui kitu, na asiyejua nitamfanya nini? Lakini yule mwanamke wa foleni alikuwa amemleta mtoto wake mwenyewe kwa nyanya, akaenda kidato cha kwanza na shati limelowa. Nusu ya kijiji ilikuwa imepulizwa maji yale. Walijua yana nini ndani. Walikuwa wameyasikia maneno kwa lugha ya mama zao, na bado walipooneshwa shuka la Voi wakaamini shuka. Siku chache baadaye, alfajiri, jiwe likatua kwenye mabati ya nyanya. Moja tu, na labda lilirushwa na mlevi. Lakini huko chini Pwani wazee wamekwisha kuuawa kwa maneno yaliyoanza hivyo hivyo, na nyanya alikuwa na redio, alikuwa anasikia habari kama watu wengine.

Aliniomba nimwoneshe hiyo video. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alinyoosha tu mkono, nikampa simu. Aliitazama mpaka mwisho akiwa ameishika mbali na macho. "Kwani nimezeeka hivi?" akauliza. Kisha akairudia, na akasema, "Na huyu ni wewe." Nikasema ndiyo. "Nilikuwa nakuombea." Nikasema ninajua, nyanya. Akanirudishia simu na kupangusa vidole kwenye leso yake, kimoja kimoja.

Novemba wakaja kuomba msamaha. Mama Kelvin ndiye aliyelazimisha, kwa aibu, maana na yeye alishaanza kupitwa sokoni kama mama wa kijana aliyemrekodi mchawi. Wakaja Kelvin na yule meneja kwa gari la bustani, na mchele, sukari, mafuta ya kupikia na blanketi. Mzee wa kijiji akaketi katikati. Chai ikanywewa. Meneja akasema wamesikitika, kichochoro kimeshavunjwa, na ilikuwa kweli, kwa sababu Oktoba ilikuwa imekwisha. Kelvin alilia. Alilia kweli, kamasi na yote, akasema, "Nyanya, sikufikiria." Mzee wa kijiji akamgeukia nyanya. "Mama, umesikia vijana. Sasa tasa, toa hasira yako, haya mambo yaishe leo." Akaletewa kile kikombe cha bati. Nyanya akakishika muda, akakiweka chini kando ya mguu wake. "Hasira sina," akasema. "Ningekuwa nayo ningeitoa, tungeenda kulala. Nina aibu. Kila nikifungua mdomo naona ule mdomo wa kwenye shuka." Na hapo hapo meneja akauliza, kwa ile sauti yake ya upole, kama wanaweza kupiga picha moja tu ya kuweka kwenye ukurasa wao, kuonyesha watu kwamba wamepatana na jamii.

Nilibeba ule mchele nikaurudisha kwenye gari. Nikarudi nikabeba mafuta. Niliporudi mara ya tatu kuchukua sukari nilikuwa nasema maneno ambayo sitayaandika, kwa Kiswahili na Kidawida na Kiingereza cha hospitalini, na mzee wa kijiji alikuwa ananiambia nimheshimu mgeni, na nikamwambia yeye pia kitu. Nyanya ndiye aliyenisimamisha. "Acha sukari," akasema. "Sukari haijatukosea." Watu wakacheka kidogo, kwa kupumua, na mkutano ukaisha hivyo. Walipiga picha dirishani mwa gari wakiondoka.

Watu huniambia nisamehe kwa sababu Kelvin aliomba. Aliomba, ndiyo. Wakati wa mazishi mmoja wa shangazi zangu alinikumbusha alivyolia siku ile. Lakini hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kule kijijini kusema tulikosea, huyu mama alikuwa anatubariki. Hakuna mwanamke wa foleni ya unga aliyerudi na mtoto wake. Nyanya aliendelea kuishi, akauza kabichi tena baada ya muda, kwanza kwa wageni wa mjini wasiomjua, na akazikwa kwa heshima zote, kwaya ya kanisa ikaimba. Ila tangu Oktoba ile hakuna aliyemwona tena na maji kinywani, na hakuna aliyemwomba. Ninasema hakuna, lakini mimi nilimwomba.

Mwisho wa mwaka nilipata kazi ya kudumu, kwenye kituo cha afya huko Bomeni, karibu na Taveta, na Januari nikapanda nyumbani kumuaga. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu. Hakupika kimanga, tulikunywa chai na viazi vitamu vilivyolala. Nilipomaliza kufunga mkoba nilivuta kigoda mwenyewe, nikakaa mbele yake pale jikoni, nikamwekea kikombe mkononi. "Nitasie, nyanya," nikasema. "Mlango nimefunga. Simu nimezima, tazama." Nikamwonesha kioo cheusi cha simu. Alikitazama. Kisha akainua kikombe akanywa, na nikaona mashavu yake yakijaa, nikafumba macho na kuinua shingo kidogo kama nilivyofanya tangu utotoni, nikasubiri.

Nilisubiri mpaka nikasikia kuku nje na moto ukipasuka kwenye kuni. Nikafumbua macho. Mashavu yake yalikuwa bado yamejaa. Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia dirisha lile dogo la moshi, kisha mlango, kisha ufa wa juu ya mlango, kisha simu yangu iliyozimwa juu ya mkoba. Alirudi kwangu na macho yake yakajaa maji nayo. Halafu nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa ameyameza. Akaweka kikombe chini taratibu, akanifunga kifungo cha juu cha sweta kana kwamba nina miaka sita.

"Nenda," akasema. "Gari litakuacha."